Trei Saba za Gavana Merrick

Kufikia wiki ya pili ya Januari nilikuwa na watu hamsini na wanane wanaompenda Gavana Merrick. Nilikuwa nao kwa majina, kwenye karatasi, na mbele ya kila jina nilikuwa nimeandika namba moja kwa wino wa buluu. Moja maana yake ni mtu wetu kabisa, atakuja hata theluji ikifika kiunoni. Tano maana yake usipoteze muda, huyo ana mtu wake. Makao makuu ya kampeni kule Des Moines, mji mkuu wa jimbo letu la Iowa, yalitufundisha kupanga watu hivyo, na mimi nilikuwa kapteni wa Merrick katika kata yetu ya Vesterholt, kwa hiyo niliwapanga.

Wifi yangu Corinne, dada wa mume wangu Duane, anayeishi ng'ambo ya barabara, alikuwa kapteni wa Seneta Ballou. Alikuwa na sitini na mmoja. Wessels, daktari wa meno, alikuwa kapteni wa Jenerali Stroud, na alijitapa mlangoni pa kanisa kwamba ana arobaini na tisa. Nilijumlisha nikiwa naosha vyombo. Mia na sitini na wanane. Katika kata yetu nzima, ukihesabu na wagonjwa wa kitandani, wanachama wa chama chetu hawafiki mia na arobaini, na kwenye mkutano uliopita wa mchujo wa mgombea urais walikuja tisini na sita.

Kuna mtu alikuwa anadanganywa, na nilianza kushuku kwamba ni sisi sote.

Niseme kwa nini nilijali. Mimi si shabiki wa wanasiasa. Nina diploma ya upimaji wa maziwa, nafanya kazi kiwandani, nimelea watoto watatu, na muda wangu wa kupunga vibendera ni mdogo. Lakini hospitali yetu ilifunga wodi ya wazazi miaka minne iliyopita. Sasa ukishikwa na uchungu Vesterholt unaendeshwa kilomita tisini. Binti yangu mkubwa, Tess, alikuwa na mimba ya miezi minne. Merrick alipokuwa gavana alifungua tena wodi tisa za namna hiyo katika jimbo lake, na kati ya wagombea wote waliopita kwetu wakinywa kahawa yetu, ni yeye peke yake aliyelitaja jambo hilo bila kukumbushwa. Wengine walituzungumzia mahindi. Mahindi tunayajua.

Tatizo ni kwamba wachambuzi wa televisheni walimpa Merrick asilimia kumi na mbili, na kwetu kumi na mbili ni sawa na sifuri. Sisi hatupigi kura ya siri. Tunakutana saa moja jioni katika ukumbi wa michezo wa shule, kila kundi linasimama kona yake, na watu wanahesabiwa vichwa. Kundi lisilofika asilimia kumi na tano ya waliomo ukumbini linavunjwa, na watu wake wanahamia kona za wengine au wanakwenda nyumbani kulala. Merrick akivunjwa katika kata za kutosha, asubuhi yake angejitoa, na habari za wodi zingeondoka pamoja naye.

Sasa, watu wetu wana ugonjwa mmoja, nao ni adabu. Mtu wa Iowa hawezi kukwambia hapana usoni. Atakukaribisha, atakuvua koti, atakupa kahawa, atasema mgombea wako ni mtu mzuri sana, na atakusindikiza mpaka kwenye gari. Wewe unarudi nyumbani unaandika moja. Kesho yake kapteni mwingine anapiga hodi mlango uleule, na kahawa iko jikoni bado.

Corinne alipokuja kuazima beleshi la theluji nilimzuia.

"Wifi, Orville Tjaden yumo kwenye orodha yako?"

"Yumo. Namba moja."

"Na kwangu ni namba moja."

"Basi wa kwako ni wa uongo, wifi yangu, pole."

"Alinipa keki ya tufaha."

Corinne akasema polepole kwamba na yeye alipewa keki ya tufaha, na kwamba Bernadine, mke wa Orville, alimfungia kipande cha kwenda nacho.

Akavuka barabara akaleta orodha yake. Tukazilaza mezani bega kwa bega, tukapita na kalamu nyekundu. Majina arobaini na matatu yalikuwa yaleyale. Tulianza kwa kuguna, tukafika kwenye kucheka, na tulipofika herufi D nikakuta kwenye orodha ya Corinne, namba moja wa Seneta Ballou, jina la mume wangu wa ndoa, ninayelala naye na kumfulia soksi. Corinne aliteleza kutoka kwenye kiti. Duane alisikia kelele akapanda kutoka chumba cha chini ya nyumba, bisibisi mkononi, akauliza nani amekufa.

"Wewe, dakika chache zijazo," nikamwambia. "Umemwahidi dada yako kura?"

Duane alimtazama dada yake, akanitazama mimi. "Aliniuliza nikiwa mezani kwake, mdomo umejaa nyama," akasema. "Ningesemaje?"

Corinne aliondoka na beleshi, na jioni ileile akatuma makao makuu yake sitini na moja kama kawaida. Alisema wakubwa hupenda tarakimu zilizonona. Mimi sikuweza. Kazini mkulima hunionyesha ndoo akaapa kwa watoto wake kwamba maziwa ni mazito, na mimi sibishani naye, nachota kidogo naweka kwenye kipimo. Nilichohitaji ni kipimo.

Nilikipata nikiwa naoka. Kwenye mkutano kila kona huweka meza ya chakula, ili wenye miguu mizito wapate sababu ya kusogea. Basi nilianza kupiga simu upya, jina kwa jina, na sikumuuliza mtu yeyote anampenda nani. Niliuliza tu: kona ya Merrick inataka chakula cha moto, wewe utaleta nini?

Watu wetu wa kweli walijibu kabla sijamaliza. Nitaleta viazi na nyama, trei kubwa. Nitaleta tambi za jibini, ila nani ana kitu cha kuzifunikia zisipoe? Hao walikuwa tayari kumenya viazi kwa ajili ya Merrick, na mtu hamenyi kilo tatu za viazi kwa adabu. Wengine wote walivuta pumzi. Nilisikia saa ya ukutani kwao. Halafu wakasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba wao wataleta tishu.

Kufikia Alhamisi nilikuwa nimeahidiwa tishu za kutosha kufuta mikono ya wilaya nzima. Bernadine Tjaden aliahidi zile nzuri, zenye maua. Mtu mmoja alisema ataleta achari, nikamweka kwenye tatu. Duane nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine, bila upendeleo, akasema ataleta trei ya maharage, nikamrudisha kwenye moja. Jumla ilikuwa trei saba. Nyuma ya trei hizo saba walikuwapo watu kumi na mmoja, nikijihesabu mimi, Duane na Tess.

Kumi na mmoja kati ya watu mia hivi. Hatufiki.

Ijumaa alipiga Whitlow, bosi wa kampeni wa eneo letu, mtu wa Boston wa miaka hamsini na kitu aliyenunua buti mpya ili aje kwetu. Alikuwa na fomu yake. Kata yenye watu zaidi ya hamsini anaiandika salama. Kata yenye chini ya kumi na watano anaiandika imekufa. Aliniomba nithibitishe hamsini na wanane. Nikamwambia ni kumi na mmoja.

Aliniuliza wale wengine wamekwenda wapi.

"Hawajaenda popote," nikamwambia. "Hawakuwahi kuwapo."

"Janelle, umetumia kipimo gani?"

"Trei."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nakiri. Kisha akasema kwa upole wa watu wa mjini kwamba anaifuta Vesterholt, na kwamba basi dogo la watu wa kujitolea lililokuwa lije kwetu kubisha hodi Jumapili litapelekwa kata ya jirani, ambako kapteni ameripoti sabini na wawili. Namfahamu kapteni yule. Ana adabu kuliko sisi wote. Nilimwambia Whitlow asishangae, akanitakia wikendi njema.

Kwa hiyo tuliingia kwenye mkutano tukiwa maiti.

Jumatatu ilikuwa nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, na bado walikuja mia na wanne. Tulipanga trei zetu chini ya goli la mpira wa kikapu. Harufu ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu watatu nisiowatarajia, mtu wa posta na mkewe na mwalimu mpya wa hesabu, walitujia wenyewe na kukaa. Kumi na wanne. Tess alimfuata mkutubi wa shule, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wetu, akadai ahesabiwe wawili. Mkutubi alimwambia aliyemo tumboni hajajiandikisha.

Mkutubi akapiga filimbi, kila mtu aende konani kwake.

Hapo ndipo nilipoona adabu ya Vesterholt kwa macho. Kanuni za zamani ziliruhusu kona ya wasioamua. Kila mkutano husimama watu wawili watatu pale, wenye huzuni, kama wanaosubiri gari lililokwisha kupita. Safari hii walianza kuelekea huko kumi, kisha ishirini, wakitembea kwa kujikunyata, wakitupungia mikono sisi makapteni wote watatu kwa mapenzi yaleyale. Orville Tjaden aliongoza, kikombe cha kahawa mkononi. Aliyekuwa namba moja kwangu, namba moja kwa Corinne na namba moja kwa Wessels alisimama katikati ya kundi la namba moja wenzake na akatabasamu.

Mkutubi alihesabu. Jenerali Stroud, ishirini na wawili. Seneta Ballou, ishirini na saba. Gavana Merrick, kumi na wanne. Wasioamua, arobaini na mmoja.

Yaani aliyeongoza kinyang'anyiro cha urais wa Marekani katika kata yetu alikuwa hakuna mtu. Nilimtazama Corinne ng'ambo ya ukumbi, yeye na sitini na mmoja wake. Alikuwa ameziba mdomo kwa skafu na mabega yanamtetemeka. Wessels peke yake ndiye hakucheka, alikuwa anageuzageuza karatasi yake kana kwamba wale wengine wako upande wa pili.

Asilimia kumi na tano ya mia na wanne ni kumi na tano na kitu, na kichwa cha mtu hakigawanyiki. Tulihitaji kumi na sita. Wawili tu. Mkutubi alitoa nusu saa ya kushawishiana.

Wessels aliwahi akawahutubia wasioamua kuhusu kodi. Waliitikia kwa vichwa, wote arobaini na mmoja. Corinne akawahutubia kuhusu bei ya dawa. Wakaitikia vilevile. Nikaona nikihutubia nami wataitikia, na kuitikia ndiko kulikotufikisha hapo. Nikaenda moja kwa moja kwa Orville.

"Mzee Orville," nikamwambia, "nakuomba uje kona yetu. Kama hutaki, sema hapana. Neno moja tu. Nitakwenda zangu, na sitakununia."

Alifungua mdomo. Akaufunga. Alisema kwamba barabara ya kaskazini ilikuwa na barafu mbaya leo.

"Sikuuliza barabara, mzee wangu."

"Merrick ni mtu mzuri," akasema.

"Hilo uliniambia Desemba. Sasa nataka hapana yako."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilisubiri. Nimelea watoto watatu, najua kusubiri. Miaka sabini na tisa yule mzee hajawahi kumkatalia mtu kitu, na hakuwa na mahali pa kuanzia. Mwishowe alichukua koti lake akanifuata. Bernadine akaja nyuma, akiwaeleza waliobaki kwamba funguo za gari anazo Orville.

Kumi na sita. Sikupata hata muda wa kufurahi, kwa sababu Corinne alikuwa ameona kila kitu, na Corinne si mjinga.

Alikuja mbio na soksi zake za sufi zikiteleza sakafuni. Alimwambia Orville maneno yaleyale, hata na kuinamisha kichwa kama nilivyoinamisha. Orville akachukua koti. Bernadine akafuata funguo. Kumi na wanne. Nikamfuata nikamwomba tena, akarudi. Wessels akajifunza, akamchukua kwa upande wa Jenerali. Nikamtoa huko. Wakati huo makapteni wote watatu tulikuwa tunakimbia, na wasioamua walikwisha kuelewa kinachoendelea, wakaanza kutawanyika kama kuku walioona mwewe. Wengine walikimbilia chooni. Mwenye achari alijificha nyuma ya kapu la mipira. Tuliwavuta waliobaki mmoja mmoja, wakaenda kila walikoombwa, wakaombwa tena, wakaenda tena, na ukumbi ukawa kama ngoma ambayo hakuna aliyefundishwa. Duane alinipitia akivutwa mkono na dada yake. Nikamrudisha kwa ukosi wa shati.

Mkutubi akatangaza dakika mbili. Filimbi ikilia, uliposimama ndipo ulipo.

Orville alikuwa katikati ya uwanja, kwenye duara lililochorwa, Corinne mkono wake wa kulia na mimi wa kushoto. Alikuwa anahema. Kahawa yote ilikuwa imemwagika njiani. Nikaona kwamba nimekuwa nikimtendea yule mzee kama ndoo ya maziwa, na nikaachia mkono wake.

"Sikuombi tena," nikamwambia. "Nakwambia sababu, kisha uende unakotaka. Tess anajifungua Juni. Kilomita tisini, na mto ukifurika ni mia na kumi. Ballou ni mwanamke mwerevu, na Jenerali ni mtu wa heshima, lakini wodi hawajaitaja hata mmoja. Nataka Merrick awe hai mpaka kiangazi, ili wengine waone aibu ya kunyamaza. Ni hilo tu. Ukienda kwa Corinne, kesho nitakusalimia kama kawaida."

Corinne naye, kwa haki, alimtupia Tess jicho kwanza. Huyo anayezaliwa ni damu yake. Lakini kapteni ni kapteni.

"Njoo kwetu, mzee Orville," akasema. "Twende."

Orville alimtazama. Alijikaza kama mtu anayejiandaa kuruka mtaro.

"Hapana, Corinne," akasema.

Bernadine aliweka mkono kifuani. Orville mwenyewe alionekana kusikiliza kama dari litaanguka, na lilipokosa kuanguka, uso wake ulifunguka kama wa mtoto aliyeachia baiskeli na ikaenda. Alilisema mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha akamgeukia Wessels, aliyekuwa mbali kabisa na hana habari, akamwambia hapana na yeye.

Hapo ukumbi mzima ukalipuka. Mwanamke wa duka la mbegu alimwambia Wessels hapana, daktari, na jino lile hutaling'oa. Mwenye achari alitoka nyuma ya mipira akanikatalia mimi, usoni, akicheka, na nilimshika mkono kwa furaha. Watu walikuwa wanapeana hapana kama pipi. Mume alimkatalia mkewe, mke akaangua kicheko akaenda kona nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilijua nani ni wa nani katika Vesterholt, na ilikuwa raha kuliko nilivyofikiri, hata kwa wale walionikimbia.

Filimbi ikalia.

Orville alikuwa chini ya goli letu. Bernadine alikuwa kando yake. Mwanamke wa duka la mbegu alikuwa pale, sijui alifikaje, na nyuma yake mvulana wake aliyetimiza miaka kumi na minane wiki ile. Mkutubi alituhesabu akigusa kila bega kwa penseli. Kumi na wanane. Corinne alidai tuhesabiwe tena, tukahesabiwa, tukawa kumi na wanane. Tess alikaa kitako sakafuni, akavuta trei ya tambi mapajani, akaanza kula na kijiko cha kupakulia.

Corinne akaja akaketi naye, akachukua kijiko kingine. Alisema kona yake imepata ishirini na wanane, mmoja zaidi ya mwanzo, na kwamba amekimbia kilomita tano kwa ajili ya mtu mmoja.

Orville aliniuliza sasa Merrick anafanya nini. Nikamwambia kesho anaruka kwenda New Hampshire, jimbo linalofuata kupiga kura. Akauliza kama huko ataitaja wodi. Nikasema sijui. "Basi nani atamwambia?" akauliza, na kwa kweli hilo ndilo lilikuwa swali.

Nikatoka korido nikampigia Whitlow. Alikuwa na kelele nyingi nyuma yake, na sauti yake haikuwa ile ya Ijumaa. Kata ya jirani, ya watu sabini na wawili, ilikuwa imemletea tisa. Nikamwambia Vesterholt imeleta kumi na wanane, na mjumbe mmoja wa kumsimamia Merrick kwenye mkutano wa juu. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikamwambia pia kwamba New Hampshire, siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, gavana azungumzie wodi za wazazi za miji midogo.

Alisema hotuba imeshaandikwa. Nikamwambia kalamu bado zipo. Alianza kunieleza jinsi hotuba zinavyopitishwa, nikamwacha aeleze, kisha nikakaa kimya, simu sikioni, nikimsikia anavyopumua, mpaka akasema sawa, ataomba waongeze sentensi moja.

Nikamwambia mbili.